Tulishinda kura, dawa iko wapi?

*Maswali ya wasomaji kuhusu afya na sheria, yanajibiwa na muuguzi mstaafu aliyehudumia wagonjwa majumbani Florida*

Shikamoo Mama Nesi. Ninaishi Lincoln, Nebraska. Binti yangu ana miaka tisa na ana kifafa. Tumeshajaribu dawa tatu. Ya kwanza ilimtoa vipele mwili mzima, ya pili ilimfanya asinzie darasani, na hii ya sasa inapunguza tu, haizuii. Novemba 2024 nilipiga kura kwa mara ya kwanza tangu niapishwe kuwa raia, na kilichonipeleka kituoni ni zile hoja mbili za bangi ya tiba. Zote mbili zilipita, na usiku ule nililia kwa furaha. Leo ni Septemba 2025. Duka la kununua hakuna hata moja, daktari wa mtoto anasema hawezi kuandika, na kwenye habari nasikia mara mahakama, mara tume, mara bunge. Naomba uniambie ukweli: kura yangu ilihesabiwa au haikuhesabiwa?
*Mama wa msichana, Lincoln*

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa kukesha na mtoto. Nimekaa na watoto wa namna hiyo, na najua jinsi mzazi anavyolala sikio likiwa wazi.

Kura yako ilihesabiwa. Hoja ya 437, inayomruhusu mgonjwa kuwa na bangi hadi aunsi tano akiwa na ushauri wa maandishi wa mhudumu wa afya, ilipata karibu asilimia 71. Hoja ya 438, iliyounda Tume ya Bangi ya Tiba, ilipata kama asilimia 67. Gavana Jim Pillen alizipinga, lakini tarehe 12 Desemba 2024 alitia saini tangazo la kuzithibitisha. Tangu siku ile ni sheria.

Sasa zisome tena hoja hizo, moja moja. Ile ya kwanza inasema mgonjwa asikamatwe. Ya pili inasema watakuwepo watu wa kuandika kanuni na kutoa leseni za kulima na kuuza. Ulichokipata Novemba ni kinga ya kutokamatwa. Dawa yenyewe iliachwa mikononi mwa tume, na wajumbe watatu wa tume hiyo ni wale wale wanaosimamia leseni za pombe Nebraska, watu waliochaguliwa na gavana, ambaye pia anaweza kuongeza wawili. Kwa maneno mengine, kazi ya kujenga kitu imekabidhiwa kwa upande ambao haukukitaka. Hilo ndilo ningependa kila mwenye mgonjwa alielewe kabla ya kushangilia matokeo.

Na hawakukaa kimya. Seneta wa zamani, John Kuehn, alifungua kesi akidai saini za wananchi zilikusanywa isivyo halali, na Mwanasheria Mkuu Mike Hilgers akaingia naye. Jaji Susan Strong aliwasikiliza, kisha mwishoni mwa Novemba 2024 akasema saini halali zilitosha. Mwezi Mei 2025 muswada LB 677, ambao ungewapa tume mwongozo ulio wazi, ulikwama bungeni kwa kukosa kura 33 za kufunga mjadala. Mwisho wa Juni tume ikatoa kanuni za dharura: maua makavu ya bangi yasiuzwe, kuvuta marufuku, na duka moja tu kwa kila wilaya ya mahakama, na wilaya hizo ni 12 kwa jimbo zima. Hoja ya 438 inaitaka tume ianze kutoa leseni ifikapo tarehe mosi Oktoba 2025. Lakini aliyepewa leseni bado atahitaji kupanda, kuvuna, kupima na kusafirisha. Usimwambie mtoto kwamba mwezi ujao mtakwenda dukani.

Kuhusu daktari wako. Huenda umemwomba «aniandikie dawa», na hapo ndipo mnapopishana. Tangu sheria ya dawa za kulevya ya 1970, serikali kuu ya Washington iliiweka bangi katika kundi la kwanza, pamoja na heroini, kundi la vitu visivyotambuliwa kuwa na matumizi ya tiba. Daktari akiiandika kama anavyoandika amoksilini, anahatarisha leseni yake ya serikali kuu. Ndiyo maana sheria za majimbo zinasema «kushauri», hazisemi «kuandika». Arizona walijifunza kwa uchungu. Mwaka 1996 wapiga kura wao walipitisha Hoja ya 200 kwa asilimia 65, na ndani yake mlikuwa na neno «kuandika dawa». Neno hilo moja liliiua sehemu ya bangi ya tiba, maana hakuna daktari aliyethubutu, na wagonjwa wa Arizona walisubiri hadi kura ya 2010 iwape sheria inayofanya kazi. California walipiga kura siku ile ile ya Novemba 1996, nao katika Hoja ya 215 waliandika «kushauri», na yao ikasimama. Wiki chache baadaye maofisa wa Washington, akiwemo Jenerali Barry McCaffrey, msimamizi wa sera ya dawa za kulevya ya serikali kuu, waliwatishia madaktari wa California. Madaktari na wagonjwa wakaenda mahakamani. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufaa ya majimbo ya magharibi ikaamua kwamba daktari ana haki ya kusema na mgonjwa wake kuhusu bangi na kuishauri, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa ya serikali. Nebraska iko nje ya eneo la mahakama ile, kwa hiyo naelewa woga wa daktari wako, hata kama haunipendezi. Mwendee tena, umwombe *ushauri wa maandishi*. Na kwa kuwa binti ni chini ya miaka 18, sheria inataka pia idhini yako ya maandishi kama mlezi. Karatasi hizo mbili ziweke pamoja, na nakala iwe kwenye gari.

Wala msivuke mpaka kwenda Colorado kununua. Najua kishawishi kilivyo, ni saa chache tu kwa barabara. Lakini mpaka wa jimbo na jimbo ni eneo la sheria ya Washington, na ile kinga ya Nebraska haikufuati kule.

Kuna jambo la kuuliza hata kesho asubuhi. Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji iliyotengenezwa kwa kanabidioli inayotoka kwenye mmea huo huo, kwa aina mbili za kifafa cha utotoni, Lennox-Gastaut na Dravet. Mwaka 2020 ikaongezwa kifafa cha ugonjwa wa tuberasi sklerosisi. Hii daktari *anaandika*, na maduka maalumu ya dawa yanaitoa. Muulize kifafa cha mtoto wako kinaitwaje hasa. Kama hukupewa jina, lidai. Naamini kila mzazi anastahili jina la ugonjwa wa mwanawe kwenye karatasi.

Umeniuliza ukweli, nami sitakuficha kwamba hili la kwenu silioni geni. Nilikuwa Florida mwaka 2016, Marekebisho ya Pili, ya bangi ya tiba, yalipopita kwa asilimia 71 na kuingizwa ndani ya katiba ya jimbo. Nilikuwa namhudumia mzee mmoja, dereva mstaafu wa basi la shule, mwenye ugonjwa ule unaokausha neva za misuli kidogo kidogo. Mikono ilikuwa imekwisha. Mkewe alimshikia karatasi ya kura iliyoletwa kwa posta, akamsomea kila mstari, naye akajibu kwa macho. Kilichomtesa kuliko maumivu ni mate. Hakuweza kuyameza, yalimjaa kooni, usiku ilibidi nimnyonye kwa mashine kila baada ya muda mfupi. Alikuwa amegundua, na mkewe alinieleza bila kuona haya, kwamba akivuta bangi mate yanakauka na anapata saa kadhaa za usingizi. Mafuta hayakumfanyia vile, na vidonge hangeweza kumeza.

Bunge la Florida lilipokaa Juni 2017 kutunga sheria ya utekelezaji, likapiga marufuku kuvuta. Mafuta sawa, vidonge sawa, mvuke sawa, moshi hapana. Wakili John Morgan, aliyegharimia kampeni, akafungua kesi, na miongoni mwa walalamikaji alikuwepo Cathy Jordan, mwanamke aliyekuwa akiishi na ugonjwa huo huo wa mzee wangu tangu 1986 na ambaye alieleza mahakamani kwamba moshi ndio unaomkausha mate. Mei 2018 Jaji Karen Gievers akasema marufuku ile inakwenda kinyume na katiba. Tulifurahi siku moja. Serikali ya Gavana Rick Scott ikakata rufaa, na rufaa peke yake ikasimamisha hukumu. Januari 2019 gavana mpya, Ron DeSantis, akawapa wabunge hadi katikati ya Machi waondoe marufuku hiyo, la sivyo ataiacha rufaa. Wakaiondoa. Saini ikatiwa tarehe 18 Machi 2019.

Mzee wangu alizikwa Februari. Miaka miwili na zaidi alikuwa na haki iliyoandikwa kwenye katiba, na kila alipoitumia kwa njia iliyomsaidia, mkewe alifunga mapazia. Nimestaafu sasa, lakini mapazia yale bado nayaona, na ndiyo yanayonifanya nijibu barua kama yako kwa urefu huu.

Utah nako ilikuwa haraka zaidi. Hoja ya 2 ilipita Novemba 2018 kwa asilimia kama 53, ikaanza kutumika tarehe 1 Desemba, na tarehe 3 Desemba bunge likakaa kikao maalumu na kuiondoa, likaweka sheria yake mahali pake baada ya mazungumzo yaliyoshirikisha Kanisa la Mormoni. Siku mbili. Waliweza kwa sababu ile ilikuwa sheria ya kawaida, haikuwa kifungu cha katiba, na sheria ya kawaida bunge la Utah linaweza kuifuta kesho yake. Nebraska yenu pia ni sheria ya kawaida, ila katiba yenu inataka theluthi mbili ya maseneta ili kugusa sheria iliyopitishwa na wananchi. Theluthi mbili ni maseneta 33 kati ya 49. Kumbuka namba hiyo, maana ndiyo iliyowakwamisha hata wale waliotaka kuisaidia.

Lakini yaliyonifundisha zaidi ni ya Montana. Walipiga kura 2004, asilimia 62. Mwaka 2011 bunge likapitisha muswada wa kuifuta sheria yote. Gavana Brian Schweitzer akaukataa, tena aliuchoma muhuri wa chuma cha moto kama ng'ombe, mbele ya watu. Bunge likarudi na muswada mwingine, SB 423, uliosema mtoaji mmoja asihudumie wagonjwa zaidi ya watatu na asipokee malipo. Nani atalima kwa ajili ya watu watatu bila malipo? Kesi ikachukua miaka mitano. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya jimbo ikakibariki kikomo cha watu watatu, kikaanza kutumika mwisho wa Agosti, na maelfu ya wagonjwa wakabaki na kadi mkononi bila mtu wa kuwauzia. Novemba ile ile wananchi wakapiga kura tena, Hoja ya I-182, wakairudisha. Miaka kumi na miwili, kura ya kwanza hadi ya mwisho.

Kwa hiyo usikae nyumbani. Tume ya Nebraska inafanya vikao vya wazi na inapokea maoni ya wananchi kuhusu kanuni. Usiwaachie nafasi hiyo mawakili na wanasiasa peke yao. Nenda na picha ya binti yako, sema jina la kifafa chake na majina ya dawa tatu zilizoshindwa, kwa Kiingereza chako hicho hicho ulichoapia uraia. Kama kazi haikupi nafasi, andika ukurasa mmoja upeleke. Halafu mtafute seneta wa eneo lako. Bunge lenu ni la chumba kimoja, watu 49 tu, na wa kwenu ana ofisi hapo hapo Lincoln. Mwulize alipiga kura gani kwenye LB 677, na usiondoke hadi amekujibu.

---

Mama Nesi, habari za siku? Mimi ni mwanafunzi wa sheria Memphis, na rafiki yangu wa Mississippi ameniambia kwamba kwao mahakama ilifuta kura nzima ya bangi. Nimembishia. Mahakama inawezaje kuifuta kura ya wananchi kwa sababu ya bangi?
*Mbishi, Memphis*

Njema, mwanangu. Rafiki yako amesema kweli, ila sababu haikuwa bangi, ilikuwa hesabu.

Novemba 2020 karibu robo tatu ya waliochagua kati ya hoja mbili za Mississippi walichagua ile ya wananchi, Hoja ya 65, dhidi ya 65A iliyowekwa na bunge. Katiba ya jimbo ilisema saini za hoja zitoke katika wilaya za uchaguzi wa Kongresi, na wilaya moja isitoe zaidi ya moja ya tano. Kanuni hiyo iliandikwa Mississippi ikiwa na wilaya tano. Baada ya sensa ya mwaka 2000 jimbo lilipoteza kiti kimoja, zikabaki nne. Piga hesabu: nne mara moja ya tano ni asilimia 80. Kwa kuisoma katiba hivyo, hakuna hoja yoyote ingeweza kutimiza saini, hata wananchi wote wangesaini. Meya wa mji wa Madison, Mary Hawkins Butler, alifungua kesi kwa msingi huo kabla ya kura. Tarehe 14 Mei 2021 majaji sita dhidi ya watatu wakakubaliana naye. Hoja ya 65 ikafa, na njia yenyewe ya wananchi kupeleka hoja ikafa nayo. Mwaka 2011 hoja ya kitambulisho cha mpiga kura ilipita kwa njia hiyo hiyo, wilaya zikiwa tayari nne.

Bunge lilitunga sheria yake baadaye, Gavana Tate Reeves akaitia saini tarehe 2 Februari 2022, baada ya kubana kiasi ambacho mgonjwa anaweza kununua kwa mwezi. Mauzo yalianza Januari 2023. Kwa mgonjwa wa kansa aliyepiga kura Novemba 2020, ni zaidi ya miaka miwili.

Ukitaka kisa cha kusoma usiku, tafuta Washington DC, Hoja ya 59 ya 1998, nayo ya bangi ya tiba. Kule Kongresi ilikataza fedha zisitumike kwa jambo hilo, na kwa karibu mwaka mmoja matokeo hayakutangazwa, ingawa gharama ya kuyatoa kwenye kompyuta ilikadiriwa kuwa dola 1.64. Jaji alipoamuru yatolewe Septemba 1999, ilikuwa asilimia 69 ndiyo. Kongresi ikaendelea kuizuia sheria hadi 2009, na wagonjwa walianza kununua 2013.

---

Shikamoo mama. Nina kadi ya kijani, mwakani naomba uraia. Natibiwa kansa ya matiti, na kichefuchefu cha dawa kinanimaliza, nimepungua kilo kumi na moja. Jimbo letu lilishapiga kura na maduka yapo. Muuguzi wa hospitali ameniambia nichukue kadi ya bangi ya tiba. Je, nichukue?
*Mgonjwa mwenye hofu*

Marahaba binti yangu. Usichukue, na usiguse, mpaka uzungumze na wakili wa uhamiaji.

Muuguzi aliyekushauri amekutakia mema. Yeye anafikiria sheria ya jimbo. Uraia unatolewa na Washington. Tarehe 19 Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo unaosema kwamba kuvunja sheria ya bangi ya serikali kuu kunaweza kukukosesha sifa ya tabia njema inayohitajika kwa uraia, hata kama jimbo lako limeruhusu, na hata kama hukuwahi kukamatwa. Kukiri tu mbele ya ofisa kunaweza kutosha. Mwongozo huo unagusa pia kazi, kwa hiyo kama una ndugu mwenye kadi ya kijani aliyeajiriwa kufunga mizigo kwenye duka la bangi, mwambie leo hii. Kura ya jimbo haikuandikwa kwa ajili yetu tuliokuja, na hakuna anayetueleza hilo pale dukani. Usiidanganye idara hiyo kamwe, kusema uongo ni kosa jingine kubwa. Ndiyo sababu nakusihi usianze.

Kichefuchefu chako hakiwezi kusubiri siasa, na si lazima kisubiri. Ipo dawa inaitwa dronabinoli. Ni kiini kile kile cha bangi, kilichotengenezwa maabara, kwenye kidonge, na mamlaka ya dawa iliidhinisha tangu 1985 kwa wagonjwa wa kansa ambao dawa nyingine za kuzuia kutapika zimewashinda. Daktari anaiandika, duka la kawaida linatoa, na karatasi ya dawa inabaki na jina lako kihalali. Inaweza kukupa kizunguzungu, kwa hiyo dozi ya kwanza umeze mtu akiwepo nyumbani, na usiendeshe gari.

Andika jina hilo kwenye karatasi, d-r-o-n-a-b-i-n-o-l kwa tahajia ya wenyewe, umpe daktari wako wa kansa siku ya miadi. Mwambie na zile kilo kumi na moja, umwombe akupime mzani mbele yako.